Majumba ya kale na bustani zake hapa Uingereza: wenye watoto tukutane

Mama Nasra, Leeds

Salaam kwenu wote. Likizo za shule hizo zinakuja, na najua katika nyumba nyingi swali ni lile lile: watoto watoke waende wapi, kwa pesa gani, na warudi wamepata kitu kichwani. Nafungua uzi huu kwa sisi wenye familia tunaoishi Uingereza. Tuzungumzie majumba ya kale ya mashambani, yale waliyojijengea makabaila na matajiri wa zamani, pamoja na bustani zake.

Wengi wetu tunapita nje ya kuta hizo miaka nenda miaka rudi tukiona si pa kwetu. Shemeji yangu kaishi Leeds tangu ujana wake na hakuwahi kuingia jumba la Harewood, ilhali basi la 36 la kwenda Harrogate linapita pale pale getini. Mimi nasema ni pa kwetu, tena tuingie mpaka vyumbani, tusiishie kwenye bembea na aiskrimu.

Kwa asiyejua historia yake: majumba haya yalikuwa makazi ya familia moja moja kwa vizazi. Karne ya 20 kodi ya mirathi ikawabana wenyewe, vita viwili vikaondoa watumishi, na mengi yakabomolewa yote. Yaliyopona yalipona kwa njia mbili. Wengine walifungua milango wakatoza kiingilio, kama Longleat mwaka 1949. Wengine waliyakabidhi kwa National Trust, shirika la hisani lililoanzishwa 1895, baada ya sheria ya 1937 kulirahisishia kupokea jumba na vyombo vyake huku familia ikiruhusiwa kuendelea kukaa humo. Harewood yenyewe haimo National Trust, ina wakfu wake, kwa hiyo kadi ya Trust haikuingizi bure. Liangalieni hilo kabla ya kutoka nyumbani.

Sasa kwa nini nasema ni pa kwetu. Harewood ilianza kujengwa 1759 kwa ajili ya Edwin Lascelles. Vyumba vilipambwa na Robert Adam, samani zimetoka kwa Thomas Chippendale, na lile ziwa na miteremko ya majani unayodhani Mungu kaiumba hivyo ni kazi ya Lancelot Brown, yule wanayemwita Capability. Pesa ya familia ile ilitoka Barbados, kwenye sukari na watu waliotiwa utumwani. Hili halifichwi pale. Mwaka 2023 ilitundikwa humo picha ya David Harewood, mwigizaji, ambaye mababu zake walikuwa watumwa wa familia ile na jina lake limetokana nao. Binti yangu alisimama mbele ya ile picha akaniuliza kama na huyu naye alikuwa akiishi humu. Tukakaa kwenye benchi nikamweleza kwa utaratibu, na mdogo wake akisikiliza. Kitabu cha shule hakijanipa nafasi kama ile.

Karibuni. Semeni mnaenda wapi, mnakula nini, na ndani mnafanyaje na watoto wadogo.

Kaka Mdogo, Manchester

Dada, asante kwa uzi. Sisi huku tumebarikiwa, maana majumba yametuzunguka. Kadi ya familia ya National Trust ni watu wazima wawili wa nyumba moja na watoto au wajukuu walio chini ya miaka 18, na walio chini ya miaka 5 hawalipi popote pale kwenye maeneo yao. Ukienda mara kwa mara inajilipa, hasa kwa sababu maegesho ya wanachama ni bure karibu kila mahali.

Nasema karibu, kwa sababu Tatton Park pale Knutsford ni ya Trust lakini inaendeshwa na halmashauri. Kadi inakuingiza kwenye jumba na bustani, gari unalipia. Hata hivyo msiache kwenda. Kuna banda la vioo la kukuzia mananasi, limerudishwa kama lilivyokuwa. Watoto wetu wanajua nanasi la kwenye bati, na wachache wameliona likiwa shambani kwa bibi Bagamoyo. Pale wanaona kazi waliyofanya watunza bustani kupata nanasi moja kwenye nchi ya baridi: vyumba vya kioo, moto, mabomba, mtu wa kukesha. Nanasi lilikuwa kitu cha kuonyesha utajiri mezani kabla ya kuliwa.

Kuhusu ndani na watoto: ushauri wangu ni jumba kwanza, bustani baadaye. Saa 5 asubuhi mlango unafunguliwa, mtoto ana nguvu na akili imetulia.

UmmuSalma, Leicester

Kaka, hapo sikubaliani nawe. Mtoto wa miaka 4 aliyefungwa mkanda garini saa nzima, ukamtia moja kwa moja kwenye chumba cha vyombo vya kaure, unatafuta balaa. Sisi tunafika saa 4, bustani huwa zimeshafunguliwa mapema kuliko jumba. Wanakimbia, wanakula, ndipo tunaingia ndani. Kwa nusu saa watakusikiliza bila kusumbua.

Jingine: vigari vya watoto wengi hawaruhusu kuingia navyo, vinaachwa mlangoni kwa sababu ya korido nyembamba na sakafu. Wana mikoba ya kubebea watoto wanakuazima, lakini mimi nina mbeleko yangu, namfunga mgongoni na kanga na sina haja ya cha mtu. Hakuna aliyewahi kuninyima kuingia hivyo. Mabegi makubwa ya mgongoni hugeuzwa mbele au huachwa.

Wasio na pesa ya kiingilio walio huku kwetu: Bradgate Park. Kuingia ni bure, unalipia gari tu. Mbuga ile ilikabidhiwa kwa watu wa Leicestershire mwaka 1928 na Charles Bennion, na ndani yake kuna magofu ya jumba la matofali la ukoo wa Lady Jane Grey, yule binti aliyewekwa malkia mwaka 1553 kwa siku chache kisha akakatwa kichwa. Kulungu wanatembea hapo hapo. Msiwasogelee Oktoba, madume yanapigana wakati huo.

Mkunazini83, London

Nimesoma na nataka kusema la moyoni, msinielewe vibaya. Kuna kitu kinanikwama. Nikalipe kiingilio kutazama dari za dhahabu zilizojengwa kwa damu za watu, halafu niwaambie wanangu "tazama uzuri"? Mwaka 1833 Bunge lilipopitisha sheria ya kuacha huru watumwa, fidia ya paundi milioni 20 walilipwa mabwana, watumwa hawakupewa kitu. Mwenye Penrhyn Castle, kule Wales kaskazini, alichukua zaidi ya paundi 14,000 kwa watu 764 wa Jamaica. Jumba lenyewe lilikuwa linamaliziwa miaka hiyo hiyo. Unamfundisha nini mtoto pale?

Mama Nasra, Leeds

Shekhe, swali lako ni zito na nimeshajiuliza hilo hilo. Namfundisha mtoto hesabu hiyo hiyo uliyoiandika. Akiisoma kwako hapa itapita. Akisimama chini ya lile dari, akaona ngazi ya mawe iliyochongwa kwa miaka, akaambiwa "hii ndiyo kazi ya wale 764", atabaki nayo. Mwaka 2020 National Trust yenyewe ilitoa ripoti ikataja maeneo 93 yenye uhusiano na ukoloni na utumwa. Watu walipiga kelele sana, wengine wakataka mambo hayo yasisemwe wakati watu wamekwenda kutembea. Sisi tukikaa nyumbani tunawapa ushindi wanaotaka kunyamaza.

Bwana Mtoni, Coventry

Na sisi wa Unguja tuseme kweli kwa wanetu. Mimi nimekulia jirani na Mtoni, kwenye magofu ya kasri la Seyyid Said alikozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844. Mashamba ya karafuu yaliyolisha makasri yale yalilimwa na watumwa, na utumwa Unguja ulikuja kufutwa 1897. Nikiwapeleka wanangu kwenye jumba la Mwingereza nawaeleza ya Barbados, na likizo tukienda nyumbani nawasimamisha Mtoni na Maruhubi nawaeleza ya kwetu. Nikieleza moja nikaacha jingine, wakikua watajua baba alichagua la kusema.

Lakini nina jambo la kuongeza, linahusu pwani yetu moja kwa moja. Ukiingia jumba lolote la karne ya 19 mtafute chumba cha biliadi. Kile chumba ni cha wanaume, kina meza kubwa ya kitambaa cha kijani, na mipira yake ya wakati ule ilikuwa ya pembe za ndovu. Kisha nenda sebuleni utazame piano, vipande vyeupe vya kubonyeza ni pembe vilevile. Unguja ndiyo ilikuwa soko kuu la pembe la Afrika Mashariki karne ile. Zilibebwa mabegani kutoka Tabora na Ujiji na mbele zaidi, mpaka Bagamoyo, zikavushwa. Sisemi kila mpira umetoka kwetu, nyingine zilitoka kwingine. Lakini kijana wangu wa miaka 13, ambaye alikuwa anavuta miguu tangu mlangoni, nilipomwambia habari hiyo alirudi kwenye meza akaanza kuuliza maswali mpaka mzee wa kujitolea aliyekaa chumbani akafurahi, akatuonyesha rafu ya fimbo.

Hao wazee wa vyumbani wasalimieni. Wanakaa pale bila mshahara na wengi wanajua habari ya kila kiti. Mkipita kimya nao watanyamaza.

Mkunazini83, London

Mzee wangu shikamoo. Hilo la biliadi sikulijua. Haya, tuseme nimekubali kujaribu. Niko London kaskazini, sina gari, watoto watatu. Nianzie wapi?

UmmuSalma, Leicester

Jumba la Kenwood, pale Hampstead Heath! Basi la 210, shuka hapo hapo. Kuingia ni bure.

Bi Hidaya, London

Naunga mkono Kenwood kwa mikono miwili, na kwako kaka mwenye swali lako ndipo hasa pa kuanzia. Mle alilelewa Dido Elizabeth Belle, aliyezaliwa 1761, mama yake Maria Belle alikuwa mtumwa na baba yake ni nahodha wa jeshi la majini John Lindsay. Mjomba wa baba yake, Lord Mansfield, ndiye aliyemlea pale Kenwood, na ndiye jaji aliyetoa hukumu kwenye kesi ya mtumwa James Somerset mwaka 1772, kwamba bwana hana haki ya kumchukua mtu kwa nguvu kumtoa Uingereza akamuuze. Fikirieni, jaji huyo anarudi jioni nyumbani na mtoto yule yuko mezani, au pengine wageni wakija hakai mezani. Watoto wakubwa watajadili hilo njia nzima.

Dido alikuwa akisimamia kazi za maziwa na kuku. Nyumba ya maziwa iliyopo pembeni leo ilijengwa baada ya yeye kuondoka. Ndani ya jumba mna picha ya Rembrandt aliyojichora mwenyewe uzeeni. Jumba liliachwa kwa umma na Lord Iveagh, wa ukoo wa Guinness, alipofariki 1927, na ndiyo maana hulipi. Baada ya hapo mteremko mzima wa Hampstead Heath ni wenu.

Msisahau kuwaonyesha watoto viti. Kwenye majumba mengi hawaandiki "usikae", wanaweka koni la msonobari au ua kavu la miiba juu ya mto wa kiti. Mwambie mtoto ahesabu koni. Atazunguka vyumba vyote bila kugusa kitu.

Kaka Mdogo, Manchester

Koni nimeziona mara nyingi na sikujua kazi yake. Na giza je? Mke wangu huwa anasema wanabania umeme.

Bi Hidaya, London

Hapana, ni mwanga wa jua. Unachosha vitambaa, mazulia na rangi za picha, na uharibifu ukishaingia hautengenezeki. Kwa hiyo mapazia yanashushwa na mwanga unapimwa. Macho yakizoea utaona. Na ndiyo maana wengi hufunga vyumba majira ya baridi, wanafuta vumbi kitabu kimoja kimoja kwa brashi laini, huku bustani zikibaki wazi. Ukipanga safari ya Januari hakikisha kwanza kama ndani kumefunguliwa.

Mtoto wa Bukoba, Sheffield

Ndugu zangu mmesahau ndizi.

Chatsworth, Derbyshire, jumba la Duke wa Devonshire. Mtunza bustani wake mkuu alikuwa Joseph Paxton, kijana wa familia ya kawaida aliyepewa kazi ile akiwa na miaka ishirini na kidogo. Paxton alipata mgomba kutoka Mauritius, akautunza ndani ya vioo kwa joto na maji mpaka ukachanua mwaka 1835, na mwaka uliofuata ukazaa. Ukapewa jina la ukoo wa tajiri wake: Cavendish. Miche ikatoka Chatsworth ikapelekwa na wamisionari visiwa vya Pasifiki. Leo ndizi za njano zilizo kwenye maduka yote ya Uingereza karibu zote ni za ukoo wa Cavendish. Mimi natoka kwenye migomba, ndizi kwetu ni chakula, ni pombe, ni mahari, ni kivuli cha nyumba, na aina zetu ni nyingi na za tangu zamani. Lakini nilipojua kwamba ndizi anayobeba mwanangu shuleni imepita kwenye bustani iliyo jirani na hapa, nilimpeleka wiki ile ile.

Tena kuna mrusho wa maji uliotengenezwa na huyo huyo Paxton mwaka 1844 kwa sababu mfalme wa Urusi alitarajiwa kuja. Hakuja. Hauna pampu hata moja. Walichimba ziwa juu mlimani, maji yanashuka kwa bomba na uzito wake mwenyewe unayasukuma juu. Mrusho huo uliwahi kupanda karibu mita 90. Kwa mtoto anayesoma sayansi, hapo somo limekwisha. Paxton ndiye baadaye aliyebuni jumba la vioo la maonyesho ya London ya 1851.

Onyo moja: Chatsworth ni ya gharama. Haimo National Trust. Lakini mbuga ya nje kando ya mto unatembea bure, na kondoo na kulungu wapo.

Mama Nasra, Leeds

Mtoto wa Bukoba umenifungua macho, hii ya ndizi naenda nayo.

Tukiongelea mbuga, waonyesheni watoto kile wanachokiita ha-ha. Ukisimama dirishani kwenye jumba unaona majani yanaendelea mpaka kwa ng'ombe, hakuna ua wala senyenge. Ukienda kwa miguu unakuta ghafla ardhi imekatwa, upande wa jumba kuna ukuta wa mawe umezama chini, upande wa pili ni mteremko. Ng'ombe akija anagonga ukuta hapandi, na bwana dirishani haoni kitu cha kumharibia mandhari. Shikeni mikono ya wadogo pembeni pale, ukuta mwingine ni mrefu kuliko mtu.

Msafiri wa Goma, Margate

Bonjour ya wote. Mimi niko huku Kent, mashariki kabisa. Karibu na sisi kuna Quex Park, Birchington. Ni nyumba ya Percy Powell-Cotton, mwindaji aliyetembea sana Afrika, Kenya, Uganda, Kongo, Somalia, akaanzisha makumbusho pembeni ya nyumba yake mwaka 1896. Wanyama wamekaushwa na kupangwa kama wako porini, tembo, twiga, nyati, ukuta hadi ukuta. Kuna simba aliyemrarua yeye mwenyewe huko Kongo, na koti lake lililochanika liko kwenye kabati ya kioo. Watoto wanapenda kuangalia hilo kwanza.

Lakini mimi ninawapeleka kwa vile vitu vya watu: ngao, vyungu, vikapu, viti, vingine kutoka kwetu. Mwanangu mdogo alizaliwa hapa, hajafika Kivu. Aliona kigoda cha kuchonga akasema koko yake, yaani mzee wetu kule nyumbani, ana kama hiki kwenye picha ya simu. Ni kweli. Ninajisikia uchungu na furaha pamoja, kwa sababu kitu kimehifadhiwa vizuri, na kiko mbali na wenyewe. Nje kuna bustani yenye ukuta na tausi. Watoto walikimbiza tausi, mimi nikakaa kidogo.

Bwana Mtoni, Coventry

Ndugu yangu wa Goma, umesema vizuri. Nitakuja huko majira ya joto, inshallah.

Kijana wa Kurasini, Cardiff

Maswali ya haraka wakuu. Chakula inakuwaje? Na swala?

UmmuSalma, Leicester

Chakula beba. Mikahawa yao ni scone, supu na sandwichi, kwa familia ya watu sita ni pesa, na nyama si ya kwetu. Hotipoti la pilau, chupa ya chai, mkeka. Maeneo ya kulia nje yapo karibu kila mahali. Swala, tunatafuta kivuli pembeni mwa mti mkubwa mbali na njia, tunatandika. Kwenye miti ile ya miaka mia mbili hakuna atakayekusumbua. Udhu tumalize nyumbani au chupa ya maji.

Kijana wa Kurasini, Cardiff

Ahsante dada. Na mimi nichangie la kwangu: kwa walio upande huu, Tyntesfield karibu na Bristol. Utajiri wa wenye jumba lile ulitoka kwenye kinyesi cha ndege, guano, iliyochimbwa visiwa vya Peru na kuuzwa kama mbolea. Waliochimba walikuwa wafungwa, watumwa na vibarua wa Kichina waliodanganywa mikataba. National Trust ililipata mwaka 2002 kwa msaada wa michango ya watu. Na kwa wanaopenda habari za watumishi, Erddig karibu na Wrexham. Ukoo wa pale walikuwa wakiwachora picha wapishi, maseremala na wafagizi wao, na kuwaandikia mashairi. Unaingilia upande wa karakana na mazizi, sio mlango wa bwana. Mama yangu aliyefanya kazi za ndani Upanga alikaa kwenye korido ya picha zile muda mrefu kuliko sisi sote.

Mkunazini83, London

Wakuu, tumerudi kutoka Kenwood. Binti mkubwa kaandika maswali mawili ukurasa mzima, la kwanza ni kwa nini Dido hakurithi sawa na binamu yake waliyelelewa pamoja mle. Wadogo walibiringika kwenye mteremko mpaka nguo zikawa kijani. Sasa naomba msaada: mama mkwe anakuja Agosti kutoka Tanga, magoti hayamruhusu ngazi. Atafaidi nini?

Mama Nasra, Leeds

Mama atafaidi, ila pigeni simu kabla. Ulizeni mambo matatu: kama ghorofa ya chini iko wazi yote, kama kuna kigari cha umeme cha kumtoa maegesho hadi mlangoni, na kama wana viti vya magurudumu vya kuazima. Majumba mengi hayana lifti, yana ulinzi wa kisheria na hawawezi kutoboa watakavyo. Mwenye ulemavu National Trust inamruhusu msaidizi wake aingie bure. Na mpelekeni kwenye bustani ya mboga iliyozungushiwa ukuta, siyo ya maua. Mwanamke wa Tanga atataka kuona wanavyoegemeza miti ya matunda ukutani ili matofali yaipe joto, na ataanza kuwaelekeza. Kama Agosti itawashinda, Septemba kuna Heritage Open Days, maeneo mengi ya Uingereza hufungua bure siku hizo, hata yale yasiyofunguliwa mwaka mzima. Orodha hutoka mapema na nyingine zinataka kuweka nafasi, kwa hiyo msingoje wiki yenyewe.